Kahawa Iliyoombewa

Sauti ya rafiki yangu Yasmin ilianza kutoka kwenye televisheni ya wakwe zangu watarajiwa kabla Yasmin mwenyewe hajapewa maji ya kunawa. Alikuwa amekaa pembeni yangu kwenye kochi lililotandikwa vitambaa vya kufuma, ushungi umemkaa sawasawa, mikono juu ya magoti, mpole kabisa kama tulivyokubaliana njiani. Na pale juu ya kabati la vyombo, jambazi wa Kihindi mwenye masharubu alikuwa akimtolea mwenzake matusi kwa sauti ileile ambayo muda mfupi uliopita ilikuwa imeiamkia nyumba nzima shikamoo.

Nancy, dada mdogo wa mchumba wangu Mujuni, aliitazama televisheni, akamtazama Yasmin, akapiga ukelele.

"Maawe! Ndiye huyu! Mama, njoo uone, yule wa kwenye filamu yuko kwetu!"

Mama Evodia akatoka jikoni mikono imejaa utomvu wa ndizi. Akasimama mlangoni akicheka, akasema hajawahi kufikiri kwamba yule mwanaume wa kwenye filamu ni mtoto wa kike. Hata mzee Byabato, aliyekuwa kwenye kiti chake cha dirishani, aliinua uso na kutabasamu kidogo. Nilivimba kichwa. Nilijiona nimefika kwa wakwe na zawadi ambayo hakuna mkwe mwingine Muleba nzima angeweza kuja nayo.

Nilikuwa nimekwenda kutambulishwa. Shangazi yangu Judica ndiye aliyepaswa kunisindikiza, lakini magoti yalimkamata, nikamchukua Yasmin. Mujuni alikuwa ameshaniambia kuhusu baba yake: mwinjilisti mstaafu, si mtu wa maneno mengi, si mkali, ila akishamkataa mtu moyoni hakuna wa kumgeuza. Dada mkubwa wa Mujuni alikwisha kurudisha mchumba kwa sababu hiyo. Kwa hiyo nilijiandaa. Nilivaa gauni lililofunika miguu, nikasuka nywele za heshima, na Mujuni akanitambulisha kwa jina langu la ubatizo, Esther. Jina la nyumbani tuliliacha Bukoba.

Yasmin nilimjua chuoni, tukapanga chumba kimoja Kashai, mjini Bukoba. Alilelewa na bibi yake, Mwamvita, mwanamke wa asili ya pwani aliyekuja Bukoba kuolewa na hakurudi tena kwao. Bibi Mwamvita alipenda filamu za Kihindi kuliko chakula. Katika kumsomea maandishi ya chini ya picha na kubahatisha yasiyoandikwa, Yasmin aliokota Kihindi cha kutosha kuombea maji na kutishia kuua. Mjomba wake, Burhani, alikuwa na kibanda cha video karibu na soko. Siku moja dijei wake, yule wa kuzitafsiri filamu kwa kipaza sauti, hakutokea, watu wamejaa kwenye mabenchi, filamu iko Kihindi kitupu. Yasmin akashika kipaza sauti. Toka siku hiyo hakukiachia.

Hakuwa mtafsiri, alikuwa mpishi. Majambazi aliwapa majina ya Kihaya, polisi akawapa ya wilaya nyingine. Watu wawili wa Bombay wakigombania dhahabu, yeye alifanya wanagombania kibanja cha migomba. Neno asilolijua alilipita, na pengo aliloliacha alilijaza kwa kitu chochote kilichokuwa karibu: mzaha wa sokoni, maneno ya jirani, ugomvi wa bibi yake na mwuza mkaa. Burhani alizirekodi, vijana wakazinakili kwenye flashi, na flashi zikasafiri kuliko sisi tuliozijua tangu zinapikwa.

"Tuwekee ile ya marafiki," Nancy alimwambia mdogo wake, akachomeka flashi nyingine mwenyewe bila kungoja. "Ile ya lori. Sisi hatujaimaliza, umeme ulikatika."

Nilihisi Yasmin ananishika kiwiko.

"Hiyo si nzuri," alisema. "Wekeni nyingine. Hiyo sauti yangu ilikuwa na mafua."

"Acha kujishusha," nikamwambia. Nikawageukia wenyeji kwa madaha. "Ana aibu tu. Wekeni hiyohiyo, baba na mama waone kazi yake."

Akaniangalia. Nilidhani ni haya. Mimi filamu ile sikuwa nimeiona. Wiki alizoirekodi nilikuwa kijijini kwetu Ijumbi namuuguza baba.

Ilikuwa filamu ya marafiki wawili waliokulia uchochoro mmoja, wakala sahani moja, wakaingia kwenye wizi pamoja. Yasmin aliwaita Ishengoma na Kaijage. Kaijage ameshawauzia polisi siri ya mwenzake, Ishengoma hajui, na sasa wako ndani ya lori lenye magendo, mvua inanyesha, wanaelekea mahali ambapo mmoja wao anajua kuna mtego. Wahindi kwa hapo hawakuweka neno. Waliweka muziki, macho yanayokwepana na wipa za kioo, kwa muda mrefu mno. Mtazamaji wa Kashai hajaja kuangalia watu wamenyamaza. Ishengoma wa Yasmin akakohoa, akaanza kumsimulia mwenzake.

"Unajua, Kaijage, mimi magendo niliyaanza nikiwa mtoto. Baba yangu alinunua kahawa ya watu ikiwa bado ni maua, akaivuna, akakosa njia ya kuipitisha kwenda Uganda. Akamwendea seremala, akasema nitengenezee jeneza."

Nancy akacheka. Mama Evodia, aliyekuwa ameketi kwenye mkono wa kiti, akasema, "Hee!"

Mimi nilitazama zulia.

Ilikuwa hadithi yangu. Si kwamba ilifanana nayo. Nilimsimulia Yasmin siku moja ya mvua tukimenya ndizi chumbani, nikaisimulia kwa kuigiza, na nilicheka mpaka nikashika mbavu. Sasa nilikuwa naisikia ikitoka kwenye mdomo wa jambazi, na pale nilipokuwa nimecheka, jambazi naye alicheka, kicheko kilekile cha kupanda na kukatika. Yasmin alikuwa na sikio zuri. Hakuacha kitu.

Baba aliijaza kahawa kwenye jeneza, akafunika kitambaa cheupe chenye msalaba. Aliyekufa, kwa maelezo yake, alikuwa bibi, na tulikuwa tunampeleka kuzikwa kwao Kyaka, kuelekea mpaka wa Uganda. Bibi mwenyewe tulimwacha uani anachambua maharage. Mimi nilipandishwa nyuma ya pikapu kando ya jeneza, kichwani nimefungwa kitambaa cheusi, mguuni kiatu kimoja, maana kingine kilidondoka tulipokuwa tunakimbizana na mapambazuko. Kazi yangu ilikuwa kulia. Kila tulipokaribia kizuizi baba alinifinya paja, nami nililia, na askari walivua kofia wakatupisha. Yote hayo Ishengoma aliyasema, hata kiatu. Hiyo ndiyo sehemu ambayo watu wanaipenda.

"Sasa," aliendelea Ishengoma, "nje kidogo ya Muleba tairi likapasuka. Akatokea mtu wa dini na baiskeli yake. Akauliza marehemu ni nani. Akapiga magoti kwenye vumbi, Kaijage, akaiombea kahawa! Aliomba, aliomba, mpaka nikaona jeneza linataka kuitikia amina!"

Mdogo wake Nancy alikuwa ameanguka chini kwa kicheko. Nancy hakuwa anacheka tena. Alikuwa amegeuka kumtazama baba yake, mdomo wazi, na kicheko kilichokuwa kimeanza kikamtoka kwa namna nyingine.

"Baba," alisema. "Baba, si yule mtoto wako huyu? Yatima wa barabarani? Kumbe uliombea kahawa!"

Hakusema kwa ubaya. Ni mtoto aliyezoea kumtania baba yake. Lakini Mujuni aliinuka akazima televisheni, na hapo ndipo nilipomwangalia mzee Byabato vizuri kwa mara ya kwanza. Nilikuwa nimemwangalia tangu asubuhi kama mtu anavyomwangalia mkwe, yaani viatu na mikono. Sasa niliuona uso. Nilimwondolea mvi na miwani, nikamwekea baiskeli.

Mama Evodia ndiye aliyeeleza, kwa sauti ndogo, akituelekea sisi wageni ili tusidhani tumeingia kwenye nyumba ya vichaa. Miaka mingi iliyopita mumewe alikutana na msiba barabarani. Kulikuwa na mtoto wa kike mwenye kiatu kimoja, analia kilio ambacho hajapata kukisikia. Akamvisha sweta lake. Tangu wakati ule kila wanapokaa mezani humwombea mtoto huyo. Watoto wa nyumba hii wamekua wakimwombea. Amehubiri habari zake Kishanda, amehubiri mpaka Bukoba mjini, na wanawake wamelia kanisani.

Aibu ina namna nyingi, na mimi nilikuwa nimezizoea zile za kawaida: za kuteleza mbele za watu, za kukosea jina la mtu. Hii ilikuwa ya kuona mzee wa watu amevuliwa nguo sebuleni kwake, mbele ya wanawe, na kujua kwamba mkono uliomvua ni wa baba yangu, na mdomo uliomcheka ni wangu.

"Binti," mzee alimwambia Yasmin. "Habari hii umeitoa wapi?"

"Nimeitunga, baba."

"Hukuitunga. Kiatu hukukitunga."

Yasmin aliniangalia mara moja tu. Halafu akafanya jambo ambalo mpaka leo sijui nimpige au nimbusu kwa ajili yake. Akajiweka sawa kwenye kochi, akasema, "Ni mimi, baba. Yule mtoto ni mimi. Nisamehe."

Nilijua papo hapo kwamba njia imefunguka: rafiki wa mchumba ana ukoo wa ovyo, basi, ataondoka jioni na aibu yake, mchumba atabaki msafi. Yasmin hakuwa na mtu wa kumpoteza katika nyumba ile. Alikuwa amenivua yeye, na alikuwa tayari kunifunika kwa nguo yake mwenyewe.

Mzee alimgeukia. "Yule mtoto nilimuuliza jina la bibi yake. Akaniambia. Aliitwa nani?"

Sikuwa nimewahi kumtajia Yasmin jina la bibi. Katika hadithi ya kuchekesha marehemu hahitaji jina.

"Mwamvita," Yasmin alijaribu.

Mzee akatikisa kichwa, taratibu, kwa huruma kabisa, na ilikuwa ile huruma yake iliyonishinda. Ningeweza kukaa kimya mbele ya hasira.

"Kokuhirwa," nilisema.

Wote wakanigeukia.

"Bibi yangu aliitwa Kokuhirwa, baba. Na mimi naitwa Kokuhirwa. Esther ni la ubatizo. Yasmin anasema uongo ili kunificha. Mtoto wa kwenye pikapu ni mimi, na aliyejaza kahawa ni baba yangu, Ayubu wa Ijumbi, na bado yu hai."

Nilingoja anifukuze. Nilishaanza hata kutafuta mkoba kwa macho.

"Ulikuwa unalia kweli?" aliuliza.

Swali hilo hakuna aliyewahi kuniuliza, hata mimi mwenyewe. Ilinibidi nirudi kule kutafuta jibu.

"Kabla hujafika, nilikuwa nafinywa," nilisema. "Ulipoomba, nililia kweli. Ulikuwa unamtaja bibi kwa jina na machozi yanakutoka. Nikaanza kuamini yumo. Ndiyo maana nilitaka jeneza lifunguliwe."

"Nakumbuka. Ulilikwangua kwa kucha. Nilimwambia baba yako akuache."

"Niliporudi nyumbani nikamkuta bibi anapika. Nilimwogopa. Sikula mkononi mwake siku nyingi, na yeye hakujua kwa nini."

"Na alipokufa kweli?"

Hapo ndipo nilipofika mahali ambapo huwa nasimama. Kwa Yasmin nilisimama hapo, kwa Mujuni sikufika hata kwenye jeneza. Baba alikuwa ameshajisifia ujanja wake kwenye kilabu cha pombe ya ndizi, na Ijumbi nzima ilijua. Bibi alifia hospitalini Bukoba nikiwa sekondari. Tulimleta kwa gari, jioni bado kuna jua, na watu walikuwa wamekuja wengi, maana alipendwa. Vijana wa kubeba wakasimama nyuma ya gari na hawakunyoosha mikono. Mmoja akasema, kwa adabu kabisa, "Ta Ayubu, tufungulie kwanza."

"Walifungua," nilimwambia mzee. "Palepale barabarani, mbele ya watu wote, wahakikishe si kahawa. Baba mwenyewe ndiye aliyeshika bisibisi. Alifungua skrubu moja moja, kwa hiyo ilichukua muda. Hakuna aliyecheka, baba. Wangecheka ingekuwa nafuu. Walimwangalia bibi usoni, mmoja mmoja, wakaridhika, wakambeba."

Yasmin alikuwa ameweka mkono mdomoni. Mama Evodia alikuwa analia, utomvu wote umemwenea shavuni. Mzee Byabato alivua miwani, akaishika mapajani. Halafu akainuka akaingia chumbani na mlango ukafungwa.

Chakula kilipakuliwa na hakikuliwa. Mimi na Yasmin tulitoka tukasimama kwenye migomba nyuma ya nyumba, tukingoja Mujuni atuambie la kufanya.

"Ulikuwa unacheka, Koku," Yasmin alisema. "Siku ile ulicheka sana. Nikadhani ni hadithi unayoipenda. Lori lilikuwa limenyamaza, sikuwa na neno la kuweka, ikanijia."

"Najua."

"Ile ya kufungua hukuniambia."

"Sikumwambia mtu."

"Nilijua nimekosea siku nilipoisikia inachezwa mahali pengine. Nikatafuta siku ya kukuambia. Ukaniambia nikusindikize huku, nikasema nitakuambia tukirudi." Alifuta macho kwa pembe ya ushungi. "Niite jina lolote unalotaka."

Nilikuwa nimemkasirikia, na hasira ile ilidumu miezi, sitadanganya. Filamu ile hadi leo inazunguka. Haiitiki ukiiita irudi. Lakini pale kwenye migomba nilichokiona zaidi ni kwamba rafiki niliyekula naye na kulala naye chumba kimoja miaka ile yote nilikuwa nimempa kicheko tu, nikabaki na kilichobaki. Nilimshika mkono. Ulikuwa baridi.

Mujuni akaja. Akasema mzee ametoka chumbani, amevaa koti, ameomba atafutiwe gari.

"La kuturudisha Bukoba?" niliuliza.

"La Ijumbi. Anataka kumwona bibi yako."

Njia nzima mzee hakusema neno, na hakuna aliyethubutu kumwekea lake. Tulipofika, baba alikuwa ameketi nje ya nyumba, amekonda, tangu ule ugonjwa hatembei mbali. Aliona wageni wenye heshima, akajikongoja kuleta benchi, akalipangusa kwa mkono wa shati. Mzee Byabato alimwamkia, wakajuliana hali kwa Kihaya kama watu wasio na kitu kati yao, kisha akaomba aonyeshwe kaburi. Niliongoza mimi, katikati ya migomba, Mujuni na Yasmin wakafuata nyuma. Pale mzee akapiga magoti. Sala yake ilikuwa fupi sana, na jina la Kokuhirwa alilitamka mara moja tu.

Baba alikuwa ametufuata polepole. Alisimama kando yangu, akanong'ona, "Huyu mgeni ni nani?"

Ningeweza kusema ni mkwe wako, isingekuwa uongo, kama bado ilikuwa kweli. Nilimwambia ni yule wa baiskeli.

Baba alimtazama yule mzee aliyepiga magoti, akanitazama mimi. Aliketi chini palepale kwenye majani makavu, akaufunika uso kwa viganja vyote viwili. Mimi nilimvuta bega, hakuinuka. Alikaa hivyo mpaka mwinjilisti alipomaliza, akapangusa magoti, akamwendea, akamwinamia, akamshika mkono.

"Inuka, mkwe," alimwambia. "Tuna mazungumzo."